Nilitoka kwa usukani wa trailer nikaingia darasa la cherehani hapa Malaba

Wakuu, habari za huko mliko. Naandika kutoka Malaba, upande wetu wa Kenya. Haya yamenipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Mwenye haraka apite tu, mwenye dakika mbili akae.

Mimi nilikuwa dere wa trailer. Mombasa kuja huku, wakati mwingine navuka mpaka Kampala. Kwetu ni Butula, lakini nilipanga nyumba Malaba kwa sababu hapa ndipo magari yanakaa kwa foleni, so nilikuwa naona familia.

Mwaka juzi tukishusha mzigo, mbao ziliteleza zikaniangukia mguu wa kushoto. Nilitibiwa vizuri na ninatembea, lakini kuanzia kwa kifundo kwenda chini sisikii kitu. Na mguu wa kushoto ndio wa clutch.

Dere bila clutch ni abiria.

Nikakaa nyumbani. Mke wangu, Mama Sharon, ndiye alibaki amebeba kila kitu. Anauza ndizi za kupika. Alikuwa anaamka kukiwa giza, anavuka Uganda kuchagua mikungu, anarudi kupanga sokoni. Mimi nashinda kwa mlango nikiangalia magari ya wenzangu yakipita. Ikifika saa ya chakula hata nilikuwa naona haya kuongeza ugali.

Siku moja chifu akatangaza kwa baraza kuwa chuo cha vocational kuna nafasi za kusomea ufundi na fees inalipwa na serikali. Wasio na kazi waende, waliotoka kazini waende, umri si shida.

Nikaenda na akili ya electrical. Kufika, electrical imejaa. Nafasi zimebaki kwa ushonaji, yaani nguo pamoja na viti, makochi na mapazia.

Nilitoka nje nikasimama kwanza. Nilijiona vile nitaonekana. Halafu nikafikiria ule mlango wa nyumba yangu na kuketi pale mchana mzima. Nikarudi ndani nikajiandikisha.

Darasa lilikuwa la wasichana watupu, karibu rika la mtoto wangu. Wakaniita mzee, na mimi sijafika hata hamsini. Madere wenzangu waliposikia, mmoja akanipigia simu: "Boss, bibi yangu anataka rinda, unapima lini?" Nikacheka pia. Ungefanya nini?

Shida ya kweli ilikuwa mashine. Zile ni za kukanyaga, na ukikanyaga vibaya gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika. Ule mguu wangu ulikuwa unateleza kila saa. Wenzangu wameshafika kwa kola, mimi bado natunga uzi kwa sindano.

Mwalimu wetu, Madam Asekenye, ni mama wa Kiteso, mpole lakini hana mchezo. Akaja akasimama kando yangu.

"Mzee, huo mguu wa kushoto unafanya nini hapo?"

"Nakanyaga nao, madam."

"Haukanyagi. Unasumbua mwenzake. Utoe, ule mzima unatosha."

Nikautoa. Haikuwa rahisi, lakini polepole mashine ikaanza kunisikia.

Sasa hapa ndipo mambo yaligeuka magumu. Kozi ikiwa katikati, yadi moja ya magari huko Busia wakanitafuta niwe mlinzi wa geti. Mshahara wa kila mwezi. Nilimkuta Mama Sharon anaosha sufuria, nikamwambia.

"Unaanza lini?" akauliza.

"Nafikiria nimalize kozi kwanza."

Akaacha kuosha. "Baba Sharon, mimi nimechoka. Sikulaumu. Ni mwili umechoka. Hao watu wamekupatia mshahara."

"Nikienda kwa geti sasa, nitazeekea kwa geti. Nipe tu mpaka mtihani."

"Na ukianguka?"

"Nikianguka nitatafuta geti lingine."

Alimaliza sufuria akaingia ndani. Siku kadhaa tukawa tunaongea tu habari ya watoto na unga. Asubuhi namsikia akitafuta viatu gizani, na mimi nalala pale nikijua nimekataa kumpunguzia. Wakuu, kozi ni free, lakini kuna mtu nyumbani anailipia.

Attachment, yaani yale mazoezi ya kazi, nilipelekwa kwa karakana ya viti Busia town. Siku ya kwanza fundi akaniletea kiti cha trailer, ngozi imepasuka, sponji imekwisha. Nilifurahi, nikakaa nacho mpaka jioni. Baadaye akaanza kunipatia viti peke yangu, na mapazia ya kule nyuma kwa kitanda cha dere.

Mtihani nilipita, ingawa upande wa nguo niliambiwa nirudie suruali. Nikarudia. Mpaka leo zipu sizipendi.

Sasa niko na kibanda karibu na foleni. Gari ikisimama siku mbili, kiti kinashuka na kinarudi kikiwa kipya. Wengi ni Waganda, na wale walionicheka wanakuja pia. Sio utajiri. Kuna wiki foleni ya mpakani inasonga haraka na hakuna gari inasimama, njaa inapiga hodi.

Somo langu ni moja. Ukipata hizi nafasi usichague kwa macho ya watu, na kabla ya kuanza kaa chini na mwenye atakubeba ukisoma. Mimi hiyo ya pili sikuifanya, mambo yakanikuta njiani. Waliopitia hizi kozi, semeni ilikuwaje kwenu. Na kama kuna mtu ameshinda zipu, anifundishe.

Mwezi uliopita Mama Sharon alishikwa na mgongo. Nikamwambia akae nyumbani, tutakula pesa ya viti. Asubuhi nikampelekea chai kitandani. Akaangalia dirisha, jua limeshatoka.

"Leo nani ameenda kuchukua ndizi?" akauliza.

"Hakuna mtu."

Akanywa chai yote. Akanirudishia kikombe, akajifunika, akalala tena.