Mashine Isiyo na Risiti

Mama Chapa aliishia darasa la saba, lakini barua nyingi zilizowapa watu wa mtaa ule kazi, nyumba au mchumba zilipita mikononi mwake. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake: meza, mashine ya fotokopi, printa iliyokohoa kabla ya kutoa karatasi, na kiti cha mteja kilichofungwa kamba mguu mmoja. Alianza na taipureta akahamia kompyuta, na kote huko hakupata kulala bila kuwaza kesho kitaharibika nini.

Mwaka mmoja ikaharibika kompyuta yenyewe. Kila flashi ya mteja ilimwachia virusi, mpaka mashine ikawa inachukua nusu saa kuamka. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyefundisha kompyuta chuoni, akamletea nyingine iliyokuwa imetupwa stoo.

"Shemeji, humu nimekuwekea Linux, ndiyo inayoiendesha mashine. Na hii ya kuandikia barua inaitwa LibreOffice. Zote huria."

"Huria ndiyo nini?"

"Unatumia bure, unamnakilia jirani, ukitaka unafungua uone ndani ilivyoshonwa. Hakuna wa kukuuliza."

"Na mwenyewe ni nani?"

"Wapo wengi, duniani kote. Wanatengeneza, wanagawa."

Mama Chapa akaitazama ile mashine kama mkoba uliosahauliwa kituoni. "Kaka yako nilimwona na kasoro zake zote nikamchukua. Lakini watu wazima watengeneze kitu wakigawe tu? Watarudi kukichukua."

"Wakirudi waambie nipo chuoni."

Kazi zilikuwa zinamngoja, basi akaitumia. Wiki ya kwanza alitafuta vitufe kama mtu aliyehamia nyumba mpya anavyotafuta chumvi. Baadaye akaona hakuna kilichokosekana: majedwali yamo, namba za kurasa zimo, na faili zake zilifunguka vizuri kwenye kompyuta za wateja. Miezi minane haikuganda hata mara moja, na hilo likamtia wasiwasi zaidi. Kitu kizima namna hiyo, bure?

Kwa hofu akageuza skrini ikatazama ukuta, mteja asije akaona. Wateja wakasema yule mama anajua kutunza siri. Sifa zikamfikia mwalimu mkuu wa sekondari, naye akampa mitihani ya muhula aichape. Kazi hiyo ndiyo iliyolishikilia duka.

Kompyuta ya zamani hakuitupa. Aliisukuma chini ya meza, akaifunika kitambaa. Risiti ya programu zake aliitunza katika faili moja na cheti cha ndoa na kadi za kliniki. Aliandikiwa na kijana aliyemuuzia sidii za programu mlangoni miaka ya nyuma: "Programu zote, pamoja na ufunguo." Chini yake, muhuri wa bluu.

Ijumaa moja, mitihani ikitakiwa saa sita na masomo matatu hayajatoka kwenye printa, fundi cherehani wa duka la pili akachomoza kichwa.

"Mama Chapa! Wamekuja wa hakimiliki! Wanakagua kompyuta duka kwa duka. Ya studio ya picha wameibeba, mwenyewe kabaki kashika tama."

"Wanatafuta nini?"

"Programu za wizi. Wanadai risiti."

"Na wewe watakukagua nini?"

"Mimi cherehani yangu haina programu, mama. Nimekuja kukuonea huruma tu."

Mama Chapa akainuka kitini. Risiti! Hii ya bure haina risiti hata ya dawa. Ile ya chini ya meza inayo, tena na muhuri. Mama Chapa hakufikiri mara mbili. Alichomoa nyaya, akaishusha yenye mitihani, akaifunika, akaipandisha ile ya zamani. Ilikuwa bado inajikongoja kuamka alipoingia afisa, mwanamume mwembamba mwenye faili kwapani.

Mama Chapa akampa risiti kwa mikono miwili.

Afisa akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena. "Mama, hii umeandikiwa na nani?"

"Kijana mmoja muungwana. Ona, na muhuri kapiga."

"Muhuri unasema 'Imelipwa'."

"Ndiyo. Nililipa."

"Mama, hii ni risiti ya mali ya wizi. Miaka kumi niko kazini, sijapata kupewa ushahidi na mtuhumiwa mwenyewe, tena kautunza kwenye faili." Akainama. "Na hiyo iliyofunikwa?"

Mama Chapa akasimama mbele yake. "Baba yangu, hiyo usiichukue. Ina mitihani ya watoto, saa sita wanakuja. Haina risiti. Ni... ya bure."

Alilitamka hilo la mwisho kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri mtoto wa nje.

Afisa akairudishia nyaya, akaiwasha, akachungulia huku na huku, akajifuta uso. "Mama, hii ndiyo halali. Umeficha ya halali ukaniwekea mezani ya wizi?"

"Ya mezani ilikuwa na risiti," akasema Mama Chapa.

Afisa akafungua faili aandike kwamba ameichukua ile ya zamani. Fomu zilikuwa zimekwisha. Akakohoa kidogo. "Ofisini kompyuta yetu imejifunga tangu Jumanne. Leseni yake imeisha muda. Unaweza kunichapia?"

Basi Mama Chapa, kwa ile mashine ya bure, akachapa fomu ya kukamatiwa mashine yake mwenyewe, mistari imenyooka, nakala ishirini. Afisa alipotoa muhuri wake, Mama Chapa akapata ujasiri.

"Na kesho akija mwenzako?"

"Mwambie ni huria."

"Kwa mdomo tu?"

Akachapa karatasi nyingine: "Kwa yeyote anayehusika. Programu zilizomo katika kompyuta hii ni za bure, na ni halali." Afisa akacheka mpaka miwani ikamteleza, akagonga muhuri. Mjumbe wa mwalimu mkuu alipofika saa sita, mtihani wa mwisho ulikuwa bado wa moto.

Karatasi ile Mama Chapa aliitia plastiki akaitundika ukutani, kisha akaigeuza skrini iwatazame wateja. Jumapili shemeji akaja, akaisoma.

"Shemeji, leseni yake imo humo humo ndani, kurasa na kurasa."

"Ina muhuri?"

"Haina."

"Haya basi, kaa unywe chai."

Jumatatu akaingia mwenye studio ya picha, na kompyuta mpya ya mkopo. "Mama Chapa, nitolee nakala ya hiyo karatasi ya ukutani."

"Hii inaisemea mashine yangu. Wewe humo umeweka nini?"

"Zile zile za zamani. Toa tu nakala."

"Kwa nini nisikupe nakala ya programu zenyewe? Naruhusiwa. Bure."

Yule bwana akarudi nyuma hatua moja, akamtazama kwa macho ambayo Mama Chapa aliyafahamu vizuri sana.

"Bure?" akasema. "Hapana, mama. Nipe karatasi."