Maziwa ya Jirani

Asubuhi ile mke wangu aliondoka na mkoba mmoja, akaniachia watoto wote wawili. Mama yake alikuwa mgonjwa Uvira, ng'ambo ya mpaka, na habari ilikuwa imetufikia kwa mdomo wa mtu aliyevuka siku mbili kabla. Alitaka kumbeba mdogo mgongoni. Mimi ndiye niliyekataa.

"Barabara ya Gatumba si ya kupita na mutoto," nilimwambia. "Wiki iliyopita wamepiga gari kwa risasi pale. Nenda peke yako, umwone mama, jioni urudi."

"Bado ananyonya."

"Mpe sasa hivi ashibe. Mchana nitampa uji. Jioni si mbali."

Alikaa kitandani akamnyonyesha upande wa kulia, kisha wa kushoto, kisha akamrudisha tena kulia, kama mtu anayejaza mtungi hadi shingoni. Saa mbili haijafika, alikuwa ameshaondoka.

Tulikuwa tunaishi Buyenzi. Mimi ni fundi wa nguo, na cherehani yangu ilikuwa barazani kwetu, kwa hiyo kukaa na watoto hakukunishinda. Mkubwa alikuwa msichana wa miaka mitano. Mdogo, mvulana, alikuwa na miezi kumi na meno manne. Vita vilikuwa vimeshatukalia miaka. Mtaa wetu ulinusurika mara nyingi wakati mitaa mingine inahama, lakini masikio yetu hayakunusurika. Risasi zikilia mbali, binti yangu aliendelea na mchezo wake. Zikilia karibu, alimkamata mdogo wake makwapani akamburuta hadi chini ya meza ya kukatia vitambaa, bila mtu kumwambia. Watu walimsifu kwa hilo. Mimi lilinitisha, kwa sababu sikuwa nimemfundisha.

Baada ya adhuhuri nilisikia mlio mzito kutoka upande wa magharibi, mara mbili, halafu kimya. Nikaendelea kushona. Saa nane nilikwenda hadi kituo cha magari, mdogo mkononi, mkubwa akinishika shati. Gari ndogo za kwenda mpakani zilikuwa zinarudi na abiria walewale zilizoondoka nao.

"Bariere ya barabarani imefungwa," dereva mmoja aliniambia. "Wamepigana kule mbele. Hakuna anayeingia, hakuna anayetoka."

"Mpaka saa ngapi?"

Alinitazama, akamtazama mtoto, akafunga mlango wa gari lake.

Simu ya mkononi hatukuwa nayo. Mke wangu hakuwa na njia ya kunijulisha kama alikuwa amevuka kabla ya mapigano, au kama alikuwa njiani hasa pale. Kitu kilichonitafuna zaidi ni kwamba hatukuwahi kupanga. Miaka yote ile tulizungumza habari za vita kila siku, na hata siku moja hatukuambiana: tukipotezana, tukutane wapi.

Uji wa kwanza mdogo aliupokea, akaupiga teke wa pili. Jioni ilipofika alianza kulia kilio cha kumwita mtu. Binti yangu alikaa mlangoni hadi saa ya kutotoka nje ilipokaribia na nikalazimika kufunga.

"Mama alisema jioni," aliniambia.

"Ndiyo."

"Jioni gani?"

Nilimwambia akanawe miguu.

Siku ya pili nilimngoja mama wa lengalenga. Alikuwa mwanamke wa Buterere aliyepita kila asubuhi na beseni la mboga kichwani, na kwa kuwa alitoka kule pembezoni, kwenye mashamba ya mpunga, alijua mambo kabla ya redio. Alitua beseni lake, akanong'ona ingawa barabarani hapakuwa na mtu.

"Watu wa kule wamelala nje mu mpunga, baba. Gatumba bado. Barabara ni ya wanajeshi peke yao."

"Na waliovuka jana asubuhi?"

"Waliovuka mapema wamevuka. Wa katikati, sijui." Aliponiona uso, akaongeza haraka, "Mke wako alitoka mapema, si ndiyo?"

Nilisema ndiyo. Tangu hapo nilianza kupiga hesabu ya saa: ametoka nyumbani saa fulani, gari limejaa saa fulani, limefika saa fulani. Kila nilipoirudia nilimvusha. Mara nyingine nilimvusha kwa dakika chache tu.

Maziwa ya unga niliyatafuta siku nzima. Vikwazo vya biashara vilikuwa vimemaliza vitu madukani, na kopo moja nililolipata sokoni lilikuwa limefunguliwa na kufungwa tena. Nilimkorogea hata hivyo. Aliyatapika yote juu ya sketi ya mteja. Maji ya sukari alikunywa vijiko vitatu, akauma kijiko, akageuza uso.

Jirani yetu, mke wa makanika wa ukuta wa pili, alikuwa na binti wa miezi minane. Alikuwa amesikiliza kilio kile tangu jana yake. Alasiri alisimama kwenye mwanya wa ua, mtoto wake ubavuni.

"Fundi, niletee huyo mutoto nimunyonyeshe."

Nilishukuru, nikasema tungojee kidogo.

"Unangoja nini?"

Wote wawili tulijua nilichokuwa nangoja. Sisi ni Waislamu, na mtoto akinyonya kwa mwanamke mara tano anakuwa mtoto wake. Mwanangu na binti yake wangekuwa ndugu wa ziwa moja maisha yao yote, na hilo halifutiki. Jambo kama hilo wazazi wanakaa, wanaulizana, wanakubaliana. Mimi ningeliamua peke yangu, mama wa mtoto akiwa hajulikani alipo. Na kulikuwa na jingine ambalo sikumwambia jirani. Niliona kwamba nikimpeleka mtoto kwenye kifua kingine, nitakuwa nimekubali kwamba mama yake harudi.

"Mume wangu nimeshamuuliza," alisema. "Amekubali. Umebaki we."

"Nimngoje mwenyewe. Kesho atakuja."

Akarudi kwake.

Siku ya tatu kilio kilikoma, na ndipo nilipoogopa hasa. Mdogo alilala begani kwangu macho nusu wazi. Midomo ilikuwa imekauka na kufanya magamba. Nilipombadilisha kitambaa asubuhi kilikuwa kikavu. Nilipokitazama saa nne kilikuwa kikavu. Saa sita pia. Nilikipapasa mara nyingi kama mtu anayetafuta sindano iliyopotea. Binti yangu alikuwa ananitazama.

"Baba, amelala ao amekuwa mugonjwa?"

Nilimchukua nikapita kwenye mwanya wa ua bila kubisha hodi. Jirani alikuwa anachambua mchele. Hakusema "nilikwambia". Aliweka ungo chini, akanawa mikono, akanipokonya mtoto. Mimi niligeuka nikatazama ukuta, nikasikiliza. Kwanza hakukuwa na sauti. Alimkamulia matone mdomoni, akamsemesha, akampapasa shavu. Kisha nikasikia mtoto anavuta, anameza, anavuta tena, nami nikakaa chini pale pale kwenye pumba za mchele.

Binti yangu alikuwa amenifuata. Alisimama mbele ya jirani mikono kiunoni.

"Huyo si mama yake."

"Apana, mwanangu," jirani alijibu. "Mi namuazima kidogo tu."

Alinyonya mara tatu siku hiyo, na siku ya nne sikumbuki mara ngapi. Kitambaa kililowa. Nilikifua kwa furaha ambayo siwezi kuieleza, na nilipokuwa nakianika niliona aibu kwa furaha hiyo, kwa sababu mpaka ulikuwa bado umefungwa. Mlio wa mbali ulirudi mara mbili mchana. Wateja hawakuja. Nilishona gauni moja nikaweka mkono wa kulia upande wa kushoto, nikafumua, nikarudia kosa lile lile. Mama wa lengalenga siku hiyo hakupita kabisa, na kutopita kwake nikakufanyia tafsiri zangu, zote mbaya.

Siku ya tano, kabla ya alasiri, nilisikia binti yangu anapiga kelele barabarani. Niliruka nikiangusha kiti. Mama yake alikuwa anakuja taratibu, viatu mkononi, miguu imevimba na kupasuka. Alikuwa ametembea kutoka mpakani na kundi la wanawake walioruhusiwa kupita asubuhi ile. Siku ile ya kwanza gari lilikawia kujaa, na alikuwa amevuka muda mfupi sana kabla ya mapigano. Milio ile miwili aliisikia nyuma yake.

Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia. Sikupata nafasi. Binti yetu alimkumbatia miguu akasema papo hapo, "Mama, mutoto amenyonya kwa jirani!"

Mke wangu alikaa kwenye ngazi ya baraza.

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Zimepita tano?"

"Zimepita."

Nilingoja anikaripie. Nilikuwa tayari kumwambia kuhusu kitambaa kikavu, kuhusu midomo. Lakini yeye alifunika uso kwa khanga, mabega yakaanza kutikisika.

"Mi nilikuwa naomba tu nisikute mumeshamuzika," alisema.

Jirani alimleta mdogo. Mtoto alimtazama mama yake kama anavyotazama mgeni, akarudisha uso kwenye bega la jirani, akageuka tena kumtazama. Kisha akanyoosha mkono. Mke wangu alimweka kifuani, mtoto akavuta, akaacha, akalia. Kule Uvira, siku ya pili, mke wangu alikuwa amepata homa kwa maziwa kujaa, na mama yake, mgonjwa vile vile, akamfunga kifua kwa kitambaa kigumu ili yakauke. Yalikuwa yamekauka karibu yote. Wiki mbili zilizofuata mtoto aliendelea kupita mwanya wa ua, asubuhi kwa mama huyu, mchana kwa yule, hadi maziwa ya mke wangu yaliporudi kwa uji na subira. Wanawake hao wawili walianza kuitana dada, na hawajaacha.

Mimi na mke wangu tulikaa siku moja tukaweka sharti: tangu sasa, kuvuka ni sote wanne au hakuna anayevuka. Tuliliona jambo la busara. Tulijisikia nafuu.

Kama miezi miwili baadaye, mtu aliyetoka Uvira alisimama barazani kwetu saa tatu asubuhi, akavua kofia kabla hajasema neno. Mama mkwe alikuwa amefariki. Mazishi yalikuwa siku hiyo hiyo, saa kumi.

Mpaka ulikuwa wazi, lakini jana yake gari lilikuwa limepigwa tena karibu na Gatumba, na kila mtu mtaani alijua. Mke wangu aliingia ndani. Alitoka amevaa khanga nyeusi, akamweka mdogo mgongoni na kumfunga. Alimshika binti yetu mkono. Alisimama hivyo mlangoni akinitazama, nami nikiwa nyuma ya cherehani, mguu juu ya pedali. Nilijua ananingoja niinuke.

Nilimtazama mdogo aliyekuwa anacheza na nywele za mama yake. Nikasikiliza upande wa magharibi. Palikuwa kimya, na ukimya ule haukunipa uhakika wowote.

Sikumkataza. Sikumwambia nenda, wala sikumwambia twende. Kisha akamfungua mtoto mgongoni, polepole, akamweka chini juu ya mkeka, akaketi kando yake akaanza kumlilia mama yake kwa sauti ya chini, ili watoto wasiogope.