Penseli Kwenye Noti ya Visiwani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika duka la noti na sarafu za zamani mjini Louisville, Marekani, mwenye duka alinipa noti moja akanikataza kuitazama.

"Fumba macho, uipapase," alisema. Alikuwa mzee wa Kimarekani, mwenye sauti ya chini kama ya mtu aliyekaa na mgonjwa.

Nikafumba. Chini ya kidole nilihisi vijimwinuko, kama chembe za chumvi kwenye kitambaa. Akanieleza kwamba fundi huchonga picha kwenye bamba la chuma, wino ukajaa mifereji ile, na karatasi ikikandamizwa huuvuta wino, nao hubaki umeinuka. Nilipofumbua macho niliona shamba la miwa na mlima wenye ukungu. Ilikuwa noti ya Karibea, na mimi, niliyetoka Tanga kumfuata mume wangu masomoni, nilijiona nimesimama kwenye shamba lile na umande miguuni.

Miaka ya Louisville ilipita hivyo, nusu kazi, nusu ndoto. Nilijifunza kuinua noti dirishani nitafute alama ya maji, yaani sura iliyofichwa ndani ya karatasi yenyewe. Nilijifunza kusoma saini, maana noti mbili zinazofanana hupishana sana thamani ikiwa moja ina saini ya ofisa aliyekaa madarakani muda mfupi. Na nilijifunza kwamba mkusanyaji hupenda noti mbichi, ile ambayo haijakunjwa, haijafuliwa wala kuandikwa.

Hilo la mwisho ndilo lililoniponza tulipohamia Columbus.

Huko niliajiriwa na nyumba ya mnada, niandike maelezo ya noti kabla hazijauzwa. Mkuu wa idara alikuwa Mkenya aliyekuja kusoma akabaki, mtu wa tai na maneno machache. Siku moja alikuja Bi Marva, mama wa Kigrenada aliyekuwa akiishi mtaa wa Linden, na noti nyekundu ya dola moja iliyochorwa ramani ya visiwa. Nilifurahi kuiona. Fedha ile ilitumika visiwa vingi kwa pamoja, kama shilingi ya Afrika Mashariki tuliyosimuliwa na wazazi wetu. Bi Marva alitaka kujua thamani yake, akaniachia kwa wiki moja.

Pembeni palikuwa na maandishi ya penseli, yamefifia. Sikuyasoma. Nilichukua kifutio laini nikayafuta polepole, huku nikiwaza jinsi mama yule atakavyofurahi noti yake ikipanda bei.

Mkuu wa idara aliiinua kwenye taa. "Mama Zuhura, hapa umefuta?"

"Nimefuta, bosi. Palikuwa na penseli."

"Nyuzi za karatasi zimesimama, ona. Mnunuzi ataona pia. Sasa imeshuka bei." Akaiweka noti mezani. "Lakini hiyo ni shida ndogo. Penseli ilisema nini?"

Niliinamia noti nikatafuta hata herufi moja, sikuiona.

Bi Marva alipokuja, aliigeuza noti mara mbili, mara tatu. "Maandishi ya baba yangu yako wapi?" aliuliza. Hakupandisha sauti. Nilimwambia ukweli: niliyafuta mimi, bila kumuuliza. Akakaa kitini taratibu, akaufumbata mkoba wake. Alisema baba yake alimpa noti ile asubuhi aliyoondoka kwao, akiwa msichana, na kwamba hawakuonana tena.

Nilitaka sakafu inimeze. Mkuu wa idara hakunitetea wala hakunikaripia. Alizima taa za chumba, akaishusha taa ya mezani mpaka mwanga ukapita juu ya karatasi kwa mshazari, karibu ulale. Vivuli vikaota. Penseli ya yule baba ilikuwa imekandamizwa kwa mkono mzito. Weusi wake ulikuwa umetoka, lakini mifereji ilibaki.

Bi Marva aliinama, akasoma kwa kidole, neno baada ya neno: "Marva, usiitumie mpaka urudi."

Alilia, nami nikalia. Alipotulia alinigeukia. "Mwanangu, wewe hukuyasoma?"

"Sikuyasoma, mama. Nisamehe."

"Basi leo umeyasoma," alisema, akaitia noti kwenye mkoba. Hakuiuza.

Niliandika barua ya kuacha kazi. Mkuu wa idara aliirudisha mezani kwangu akisema, "Hii sijaipokea. Kuanzia sasa, kila mteja, unamuuliza kwanza."

Nilipohamishiwa Buffalo kuongoza dawati la noti, nililifanya swali hilo kuwa la kwanza kwa wote waliokuwa chini yangu: noti hii imetoka kwa nani? Wengine waliona napoteza muda. Lakini wateja walisimulia, na mchana mzima theluji ikianguka nje sisi tulikuwa Kingston, Bridgetown, Port-au-Prince.

Nilistaafu mwaka jana. Naishi na mume wangu Amherst, kando ya Buffalo, na baada ya chakula cha mchana usingizi hunichukua, nikatembea kwenye milima ile iliyochongwa, yote ya rangi moja, kijani au zambarau, bila upepo na bila harufu. Nchi nilizozijua maisha yangu yote sijawahi kuzikanyaga. Juzi binti yetu Zuhura alitukatia tiketi za kwenda Grenada, mimi na baba yake.

"Mama, uko ready?" aliniuliza kwenye simu.

Nilimwambia niko tayari. Sikumwambia kwamba naogopa kidogo, maana huko, kwa mara ya kwanza, majani yatatikisika.