Magoti ya Mdogo Wangu

Klabu yetu ya netiboli ya Kibondo ilikodi Coaster kwenda Kasulu kuangalia fainali ya mkoa. Hatukuwa tunacheza sisi. Iliyokuwa inacheza ni kombaini ya wilaya yetu, na kutoka klabu yetu walimchukua mtu mmoja tu, mdogo wangu wa kike.

Nafasi ile ilikuwa yangu. Mwaka uliotangulia, mwalimu wa kombaini alinifuata sokoni ninakouza maharage, akaniambia nijiandae, kambi ni wiki mbili. Nilimjibu siwezi. Baba alitangulia kufariki, mama akafuata nikiwa kidato cha pili, na tangu hapo wadogo zangu watatu wananitazama mimi. Wiki mbili nyumba ningemwachia nani? Safari hii mwalimu hakupita sokoni. Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wangu, naye akakubali palepale. Yeye hakuwa na la kujiuliza, nyumbani nilikuwepo mimi.

Nilipopanda gari, mwenyekiti wetu, ambaye ana duka la vitenge pale mjini, alipiga kigelegele.

"Mpisheni mama wa mchezaji! Akae mbele, mwanawe ndiye anayetupeleka Kasulu!"

"Mama wa mchezaji, ulimlisha nini mtoto huyo?" mwingine akauliza kutoka nyuma.

"Ugali wa muhogo na kelele," nilisema. Wakacheka sana.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mdogo wangu kumi na tisa. Katika klabu tulikuwa tunafunga mabao kwa zamu, mimi na yeye, na ya kwangu yalikuwa mengi zaidi. Lakini tangu njia panda ya Nduta mpaka tunapita Makere, hakuna aliyenizungumzia kama mtu anayejua kushika mpira. Walinipongeza kwa kulea. Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Mechi ilichezwa kwenye uwanja wa shule moja ya sekondari. Tulipanga mstari pembeni, upande wa goli tulilokuwa tunafungia katika robo ya tatu. Mdogo wangu alianzia benchi. Nikajiambia kwamba labda atakaa hapo hapo, na moyo wangu ukatulia. Robo ya tatu ilipoanza, mwalimu akamvalisha zile herufi za mfungaji, G na S, akaingia. Wenzangu walirukaruka. Mimi nilifunga tena kilemba changu ingawa hakikuwa kimelegea.

Tulikuwa nyuma kwa mabao mawili. Pasi ya kwanza ikamfikia chini ya goli. Akainua mpira, akatupa, ukagonga ukingo wa mbele wa pete na kuanguka. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Wa pili nao ukagonga palepale.

"Anaogopa huyo!" mashabiki wa wapinzani wetu wa Kasulu walipiga kelele. "Mrudisheni akapike!"

Hakuwa anaogopa. Mimi nilijua kinachomsumbua, na pale uwanjani hakuna mwingine aliyekijua. Nyumbani tulisimika mti wa mkaratusi nyuma ya jiko, tukafunga juu yake ukingo wa ndoo iliyopasuka, na uwanja wetu una mteremko. Anayetupa anasimama chini, goli liko juu. Nilimfundisha kupinda magoti sana ili mpira ufike. Sasa yuko mahali tambarare, goli linaonekana karibu, kwa hiyo hapindi tena, miguu imenyooka kama nguzo. Alihitaji kuambiwa neno moja tu.

Akageuka kututazama. Macho yake yalipita kwa mwenyekiti, yakapita kwa wengine, yakasimama kwangu. Nikaangalia kwa refa.

Mpira wa tatu ukakosa.

"Mwambie kitu mtoto wako!" mwenyekiti alinisukuma bega.

"Mwalimu wake si yupo pale?"

Wa nne. Ukagonga mbele, vilevile. Kwenye benchi mwalimu alishamwinua msichana mwingine, anamfunga vesti. Hapo nikaona jinsi mdogo wangu alivyojifuta viganja kwenye sketi, haraka haraka, huku akitazama benchi. Hakunitazama tena. Nilikuwa nimelitaka jambo hilo tangu asubuhi, atolewe, na lilipofika sikuweza kulibeba.

"Magoti!" nilipiga kelele kwa Kiha, kwa sauti ninayomwitia akiwa kisimani. "Pinda magoti! Uko nyumbani!"

Akapinda. Mpira ukaingia bila kugusa pete. Mwalimu akamkalisha tena yule msichana. Mdogo wangu alifunga yaliyofuata karibu yote, na tukashinda kwa bao moja. Watu walimbeba mwalimu mabegani, wakisema ana jicho la kuchagua wachezaji. Nilimwonea wivu hata yeye.

Wakati wa kurudi mdogo wangu alikuja kukaa kando yangu, bado ana vumbi magotini. Wengine walikuwa wanaimba. Tulipoiacha Kasulu nyuma, akaniinamia.

"Dada, nilikukosea nini?"

"Hukunikosea."

"Nilikuwa nakungoja. Uliniona. Mipira minne, dada."

Ningeweza kumwambia kelele zilikuwa nyingi. Nimemlea nikimkataza uongo.

"Nilikuwa naona wivu," nilimwambia. "Nilitaka ukose."

Aligeukia dirishani. Nilidhani analia, lakini aliponigeukia macho yake yalikuwa makavu na makali.

"Basi Jumatatu mazoezini wewe ndiye unizuie nisifunge," alisema. "Mbele ya wote. Na usinihurumie."

"Sitakuhurumia."

Jumatatu nilifunga biashara mapema, nikavaa herufi za mlinzi. Mipira yake mitatu ya kwanza niliipangua. Wa nne aliurusha juu ya vidole vyangu, ukaingia, akanicheka usoni. Nikamwambia alete mwingine.