Mkoa wa Parma Juu ya Ubao wa Bugali

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa namtunza bikizee wa Kiitaliano nyumbani kwake Queensbury, London. Kazi ya kulisha na kuogesha wazee ndiyo tuliyoipata wengi wetu tuliotoka Kivu, Kongo, na mimi sikuwa na subira nayo hata kidogo. Bibi naye hakunivumilia. Alikuwa amegoma kula. Kila nilichompikia alikisukuma kando, na binti yake alikwisha kumtafutia chumba katika nyumba ya wazee: asipokula kufikia Jumamosi, anahamishwa. Bibi aliniambia akitolewa mle ndani atakufa, na nilimwamini.

Jumamosi yenyewe akataka polenta, chakula cha kwao. Kutazama pakiti, kumbe ni unga wa mahindi tu, wa njano. Unga wa mahindi nani anifundishe mimi? Nikasonga bugali, ugali wa kwetu, kama alivyosonga mama yangu, nikaukaza mpaka mwiko ukasimama wenyewe, nikaupindua juu ya ubao.

Bibi akatoa macho. "Hii ni nini? Polenta inamiminwa, haisimami!"

"Kwetu isiposimama haijaiva," nikamjibu kwa hasira.

Akaubonyeza kwa kidole. Alama ikabaki. Akaingiza mikono yote miwili, akaanza kufinyanga. Kusini akainua milima ya Apenini, yenye misitu ambayo kokwa za miti yake watu wa kwao walizikausha na kuzisaga unga. Kaskazini akapasawazisha kwa kiganja: tambarare mpaka mto Po, ambako ukungu wa majira ya baridi huficha hata ng'ombe wa jirani. Akachora mabonde kwa kijiko, akamwaga mchuzi wa nyanya kule juu. Ukateremka na mto Ceno, ukaingia mto Taro, ukafika Po. Huo ndio mkoa wa Parma, akasema, na nyumba yao ilikuwa pale, penye mteremko mkali hata kuku walitembea kiubavu.

Nilicheka sana. Mimi pia ni mtu wa milimani. Nimelima shamba ambalo ukiangusha kiazi unakifuata bondeni. Tangu nifike London sikuwa nimeelezwa nchi niliyoielewa hivyo, na mpaka leo namshukuru bibi yule.

Kisha akamega tambarare, akachovya, akala. Nikamega upande wangu. Tukapanda hivyo taratibu, bila uma wala kisu, mpaka milimani.

Binti akatukuta mezani, koti mwilini, amekuja kumchukua mama yake. Akasimama akitutazama, mikono yetu imejaa mchuzi. Akautambua mkoa kwa milima iliyobaki, maana aliwahi kupelekwa huko utotoni.

"Mama," akauliza polepole, "nyumba yenu ilikuwa wapi?"

Bibi akaonyesha mahali patupu kwenye ubao. "Nimeshaila."

Binti akacheka mpaka akalia. Halafu akainua simu, akawaambia kule kwenye nyumba ya wazee kwamba kile chumba wampe mtu mwingine.