Delmar Kwenye Friza

Bi Verna Oltmanns wa Peoria alikuwa mwanamke wa kugandisha. Mahindi, soseji za kulungu, supu iliyobaki msibani: vyote alivitia kwenye mifuko ya plastiki, akafyonza hewa kwa mashine, akaandika jina na mwezi, akavishusha kwenye friza ya chini ya nyumba. Alikuwa na chakula cha kuvuka vita viwili, wala hakuna aliyemtangazia hata kimoja.

Mumewe Delmar alifariki mwanzoni mwa mwaka. Alikuwa mtu wa kukimbia kamera; picha zake zote ni za kisogo. Ila kabla ya hapo watu wa sinema walipita mjini, wakampa sandwichi avuke barabara amebeba tarumbeta kubwa kuliko yeye. Oktoba sinema ikatoka, tena kwenye zile diski za kujifuta walizokuwa wakizijaribu kwetu. Diski huja ndani ya mfuko usiopitisha hewa; ukiuchana, hewa inaanza kazi: leo diski nyekundu, keshokutwa nyeusi kama kiatu cha mchungaji, na mashine haisomi kitu.

Bi Verna akauchana, akamwona Delmar, akaniita mimi jirani huku analia.

"Nikurekodie, Bi Verna. Nina vifaa."

"Kasha linasema kunakili ni wizi."

"Nani atajua?"

"Delmar! Alikuwa mzee wa kanisa, we kijana!"

"Basi hewa itamla."

"Hewa?" Akajifuta machozi. "Si ungesema mapema! Hewa naijua mimi."

Diski ikatiwa mfukoni, hewa ikafyonzwa, ikaandikwa: DELMAR, OKTOBA. Frizani.

Siku ya Shukrani, mwezi uliofuata, tulikusanyika kula kwa Bi Verna; Arlis, dadake Delmar, akashuka kuchukua mahindi. Tukasikia ukelele.

"Verna! Kule kaburini tulizika nini?"

"Mahindi yako chini ya Delmar, wifi!"

Tulipofika, mfuko alishauchana kwa meno.

"Nilitaka kujua ni kipande gani," akasema.

Diski ilikuwa zambarau, na giza linazidi. Bi Verna akaifuta ukungu kwa aproni, tukakimbia nayo juu. Sinema ikaanza kwa kurukaruka. Delmar akaingia barabarani na tarumbeta lake, akageuka, akatutazama usoni. Mashine ikakwama hapo hapo.

"Izime, wifi, itaungua," Arlis akasema.

Bi Verna akavuta kiti.

"Iungue. Huyu bwana hajawahi kunitazama muda mrefu hivi. Nileteeni bata mzinga huku, na msipite mbele yake."