Shayiri Iliyopandwa Mara Mbili

Nilivumilia mpaka nyapara alipompigia mama mkwe wangu makofi, yale ya kumchezea mtoto anayejifunza kusimama.

"Dede, shosho, dede!"

Mama alikuwa amepiga magoti, anachomeka udongoni miche ya shayiri aliyoing'oa mwenyewe asubuhi ile. Vibarua wenzetu wakacheka. Hapo nikatupa jembe, nikamwita nyapara mbwa.

Mwanamume wa rika la baba yangu. Na mimi blauzi imelowa maziwa, kwa sababu mtoto nilimwacha kwa jirani kule Lindi, mtaa wetu wa Kibera, tangu kucha. Nikikumbuka, uso unaniwaka. Kwetu magharibi mke wa mwana hapandishi sauti mbele ya mama mkwe, wala hamkodolei macho akiwa katika aibu. Siku ile nilifanya yote mawili.

Shamba lenyewe lilikuwa la majaribio, upande wa Kawangware, ukishapita Riruta Satellite. Nyapara alitupanga kwenye vitalu akasema neno moja tu: "Palilieni." Mama amekulia kwenye mashamba ya wimbi. Wimbi humwagwa kwa mkono, na likiota limesongamana, wanawake huinama wakapunguza, wanyonge wanatoka ili wenye nguvu wapumue. Alipofika kwenye kitalu cha shayiri fupi iliyobanana kama manyoya ya kuku, akasikitika.

"Nani alipanda hivi? Hawa watanyimana chakula."

Akapunguza kitalu kizima, vizuri kabisa, akanyoosha mgongo akingoja asifiwe.

Nyapara alipoona, jasho lilimtoka. "Umeharibu kipimo, we mama! Rudisha! Mmoja mmoja!"

Nilipomtukana hakunipiga. Alicheka. "Msomi, tulia. Ikishika, sawa. Ikinyauka, tutasema ni kiu. Na huyu shosho kesho asionekane hapa."

Tulirudi Kibera. Karibu na nyumbani mama akasema, bila kunitazama, "Mwanangu, ungeniacha nipande tu. Magoti yangu yamezoea udongo. Lile tusi lako ndilo lililonivua nguo mbele ya watu."

Alikuja mjini mwanawe, mume wangu, alipofariki, akakataa kula bure kwangu. Ile kazi ndiyo iliyomfanya akae kwenye chumba changu kama mtu, si kama mzigo.

Asubuhi nilikwenda peke yangu, nikamvizia langoni bwana shamba anayesimamia majaribio. Nilimuuliza kwa nini mtu apande mbegu kwa fujo vile.

"Si fujo," akasema. "Hii shayiri fupi, ukiipanda chache, kila shina linazaa machipukizi mengi, nafasi inajaa. Ile ndefu haichipui sana. Ukiipanda chache umekula hasara. Lakini yoyote ikizidi kubanana, inalazwa na upepo na punje zinakuwa mapepe, maganda matupu. Tunataka kujua kila aina inataka mbegu kiasi gani ndipo izae vizuri."

"Basi kile kitalu kilichobanana cha ile fupi hakiwezi kukuambia kitu."

"Kwa nini?"

Kumbe hajui! Nikatamani ardhi inimeze. Kumtetea mama ilibidi kwanza nimshtaki. Nikamweleza yote, na tusi langu pia. Akasema malalamiko ya namna hiyo yaende ofisini kwa maandishi. Nikaomba kalamu na karatasi, nikaandika pale pale, gunia la mbolea likiwa meza yangu:

"Nalalamika rasmi juu ya nyapara wetu. Mama mkwe wangu aling'oa miche katika kitalu kilichobanana cha shayiri fupi. Ni kweli, na tunaona haya. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba msongamano ule ni wa makusudi. Nyapara alijua akanyamaza, kisha akampigisha magoti mama mzima airudishe miche ili msigundue. Kitalu hicho msikihesabu na vingine, mtawadanganya wakulima. Mama arudishwe kazini. Nyapara amwombe radhi mbele ya wale waliocheka. Mimi nilimwita nyapara mbwa. Hilo nitamwomba radhi mimi mwenyewe, mbele ya watu wale wale, lakini aanze yeye."